KUJIAMINI KWA MSANII SI MAJIVUNO

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Magomeni, Kilosa)



Nimeombwa nizungumze nanyi jioni hii juu ya wabunifu wetu, yaani watunzi, waigizaji, wachoraji, wanamuziki na wachongaji, na hasa juu ya jambo moja linalowapungukia wengi wao, nalo ni imani katika uwezo wao wenyewe. Nimelipokea ombi hili kwa furaha. Hata hivyo, nisingependa kuchukuliwa kuwa nimekuja kuwapigia wasanii makofi na kuwaambia kwamba kila walitendalo ni jema. Makofi ni kitu rahisi. Mtu anaweza kuyapiga huku anasinzia.

Katika kazi yetu ya magazeti tunapokea barua nyingi za watunzi wa mashairi. Nyingi katika hizo huanza kwa kuomba radhi. Mtunzi, kabla hajatuonyesha hata ubeti mmoja, hutuarifu kwamba yeye si mtaalamu, kwamba hakusoma sana, kwamba shairi lake ni duni na tukiona halifai tulitupe. Kisha linafuata shairi lenyewe, na mara nyingine ni shairi zuri kabisa, lenye vina vilivyotulia na wazo lililofikiriwa. Najiuliza kila mara: nani aliyemfundisha ndugu huyu kuomba msamaha kwa kutunga? Fundi seremala akileta meza haombi radhi kwa kuwa ameileta. Huiweka chini, akasubiri uitikise mwenyewe uone kama imekaza.

Basi swali langu la kwanza ni hilo. Unyonge huu umetoka wapi? Si wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka mitano hachelewi kuimba wala haogopi kuigiza fisi mbele ya wageni. Unyonge hufundishwa, nasi hatuna budi kuwatazama waliofundisha, tukianza na historia na tukimalizia na sisi wenyewe.

Tuanze hapa hapa wilayani. Wamisionari wa CMS waliingia Ukaguru katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Walileta kusoma na kuandika, wakaleta dawa, na hayo hatuwezi kuyakana. Lakini pamoja na hayo waliileta hukumu juu ya ngoma, juu ya nyimbo za jando na unyago, juu ya karibu kila jambo ambalo Wakaguru walilitumia kufundishia watoto wao utu uzima. Mtoto akatoka nyumbani, mahali penye hadithi za sungura na fisi, vitendawili, nyimbo na maigizo, akaingia darasani ambamo hayo yote hayakuwa na jina, au yalikuwa na jina moja tu: ushenzi. Ajabu ni kwamba katika miaka ya 1957 na 1958 alikuja Ukaguru Mmarekani mmoja, Thomas Beidelman, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, akakaa, akasikiliza, akaandika. Kutokana na yale aliyoyasikia vilitoka vitabu kadhaa, na makala nyingi juu ya hadithi na mithali za Wakaguru. Simlaumu. Namwambia ahsante. Ila ni jambo la kutafakari kwamba mgeni kutoka ng'ambo aliamini kuwa maneno ya bibi wa Ukaguru yanafaa kuwekwa katika maktaba za dunia, wakati mjukuu wa bibi huyo alikuwa akifundishwa kuyaonea haya.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuanza kwa Jamhuri, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika kueleza sababu aliwataja watu waliojua kucheza wolsi na foksitroti lakini hawajapata hata kusikia gombe sugu wala lelemama. Kasumba ya ukoloni, ndugu zangu, haikuwa katika kutawaliwa mashamba na bandari tu. Ilikuwa pia katika mtu kuamini kwamba kitu chenye thamani hakiwezi kutoka kwake. Bendera hushushwa usiku mmoja. Imani ya namna hiyo huchukua vizazi.

Sasa nataka niwape mfano wa mtu, na mtu huyu si wa mbali. Mwaka 1948, katika kijiji cha Berega, wilaya hii hii ya Kilosa, alizaliwa Penina Muhando, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama Profesa Penina Mlama. Walimu wa Kiswahili hapana shaka wamekwisha kushika mkononi moja ya tamthilia zake. Hatia ilitoka mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975, kisha Nguzo Mama mwaka 1982 na Lina Ubani mwaka 1984. Mtu anaweza kusema kwamba huyo ni mwenye kipaji, na wenye vipaji hawana haja ya kuhimizwa. Lakini mimi kinachonivuta zaidi si wingi wa tamthilia zake. Ni kazi aliyoikamilisha mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Angeweza kuandika juu ya Shakespeare, na hakuna ambaye angemshangaa. Yeye aliandika juu ya sanaa za maonyesho za jadi za Tanzania kama chombo cha kufundishia, na mfano aliouchukua ni wa Wakaguru. Maana yake ni kwamba kile ambacho shule ya misheni ilikiacha nje ya mlango, binti wa Berega alikiingiza kwa mlango wa mbele katika nyumba ya elimu iliyo juu kuliko zote nchini, akasema: hii nayo ni elimu, ina walimu wake, ina mitihani yake, ina madaraja yake.

Huko ndiko kujiamini ninakokusema. Hakukuwa kelele. Hakukuwa kujisifu. Ilikuwa ni kukitazama kilicho chako kwa bidii ile ile ambayo wengine hukitazamia cha kwao, mpaka ukakielewa.

Tena hakuishia hapo. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu, akiwamo Profesa Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza, Msoga katika Mkoa wa Pwani, na Mkambalani katika mkoa wetu huu wa Morogoro, wakifanya kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hebu tazameni utaratibu wao, maana una fundisho. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa ili wanakijiji wakae chini watazame. Walikaa na wanakijiji wakauliza: tatizo lenu ni nini hasa? Tatizo likajadiliwa. Kisha likaulizwa swali la pili: ninyi hapa mna ngoma gani, mna majigambo gani, mna namna gani ya kusimulia? Mchezo ukajengwa kwa hizo, ukachezwa na wanakijiji wenyewe uwanjani, na ulipokwisha watu hawakutawanyika, bali walijadili walichokiona na nini kifanyike. Mtu ambaye katika mkutano wa kawaida hafungui kinywa alisimama katika ngoma akasema neno zito mbele ya viongozi, kwa sababu ngoma ni mahali anapopajua. Hakuhitaji kuambiwa ajiamini. Alihitaji kupewa uwanja ambao ni wake.

Mwaka 1996 mawazo hayo yaliingizwa mashuleni kwa mpango uliopewa jina la Tuseme. Idara ya Sanaa na Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliuanzisha kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wasichana wenyewe ndio waliochambua mambo yanayowakwamisha katika masomo na maisha, wakayatungia michezo, wakaicheza mbele ya wanafunzi wenzao na walimu wao, kisha yakafuata majadiliano. Mpango huo ulichukuliwa baadaye na FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, ukapelekwa katika nchi nyingine za bara hili. Mawazo haya yalikuwa yamepita Msoga na Mkambalani kabla hayajapelekwa ng'ambo. Ninayataja haya kwa sababu tumezoea kusikia habari za mipango inayokuja kwetu kutoka nje. Huu ulitoka hapa ukaenda huko.

Ndugu watumishi wa Serikali, ninyi mnaweza kufikiri kwamba maneno haya yanawahusu walimu peke yao. La hasha. Mtunzi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao katika karne iliyopita alikuwa mtu wa ofisini. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akaifanya hadi mwaka 1944, kisha akahamishiwa idara ya wanyamapori, na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga na katika idara ya upimaji. Vitabu vyake havikuandikwa na mtu aliyeachiwa siku nzima akae chini ya mwembe akingoja mawazo. Viliandikwa na karani chini ya serikali ya kikoloni, mtu wa mafaili na mihuri na uhamisho. Alipofariki mwaka 1962 bado alikuwa na miswada ambayo haijachapwa; Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini miaka sita. Aliendelea kuandika bila kuona mwisho wake. Sijui jina jingine la jambo hilo isipokuwa kujiamini.

Naye ndiye aliyetupa, katika Kusadikika, kitabu kilichochapwa mwaka 1951, picha ya mambo haya ambayo sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Mshitakiwa katika kitabu kile anaitwa Karama. Waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Na kosa la Karama ni kwamba ameanza kuwafundisha watu jambo jipya. Majina haya hayakuwekwa kwa bahati. Tunapomwona kijana anathubutu, sisi husema anajivuna. Lakini mtunzi yule anatuonyesha kwamba majivuno yako upande wa pili, kwa yule mkubwa asiyeweza kuvumilia kwamba kuna mtu chini yake anayejua kitu. Nawaomba wakuu wa ofisi wakisome tena kitabu hiki. Ni chembamba, kinakwisha kwa siku mbili. Maana ninajua, nanyi mnajua, kwamba karani anayetunga mashairi katika ofisi zetu hudhaniwa mvivu hata kama majalada yake yote yamekwisha, na mwenzake anayeshinda akizungumza habari za mpira haulizwi lolote.

Labda mtaniambia kwamba Shaaban Robert alikuwa na lugha mkononi, naye ni mtu wa pekee. Basi mtazameni Edward Saidi Tingatinga. Huyu alitoka kusini, pande za Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Watu wa Kilosa na Kimamba hawana haja ya kuelezwa maisha ya mkata mkonge. Baadaye akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao, akiuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Hakupita chuo chochote cha uchoraji. Alifariki mwaka 1972, yaani alikuwa na miaka minne tu ya kazi, na leo mtindo wa picha zile unajulikana dunia nzima kwa jina lake. Lakini msikilizeni jambo la pili, ambalo husahauliwa. Tingatinga hakuwa peke yake; aliwafundisha jamaa zake, nao walipoachwa walishikamana, wakajenga chama na hatimaye ushirika. Mchoraji mmoja mmoja pembeni mwa barabara ni rahisi kumpunja na kumvunja moyo. Wakiwa ushirika, mnunuzi hulazimika kuuliza bei.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa kuwa tunapenda kuzungumzia moyo wa msanii na kuisahau mifuko yake. Mkoa huu ulikuwa na Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mataifa, wakaiwakilisha nchi. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Nyimbo zake zinapigwa hadi leo katika redio, katika mabasi, katika harusi. Lakini sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ni ya mwaka 1999, miaka ishirini kamili baada ya kifo chake. Sisemi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na sheria yoyote. Nasema kwamba kwa muda mrefu kazi ya msanii ilikuwa kama maji ya mto Mkondoa, kila apitaye huteka. Mtu ambaye kazi yake inachukuliwa bure kila siku mwishowe huanza kuamini kwamba ni ya bure.

Na sisi hatujaacha. Anapokuja mgeni wa heshima, ofisi zetu huita kikundi cha ngoma. Kikundi hufika saa mbili za asubuhi. Mgeni hufika saa saba. Kina mama wamesimama juani saa tano na watoto migongoni. Mgeni akishuka garini hucheza dakika kumi, kisha huambiwa basi, basi, ratiba imebana. Wageni huingia ukumbini kula pilau. Wachezaji hupewa soda moja moja, na mara nyingine soda zenyewe hazitoshi. Mpiga picha amelipwa, mwenye viti na mahema amelipwa, mwenye vipaza sauti amelipwa nusu kabla hajaja. Ngoma ndiyo ambayo haimo katika bajeti. Halafu siku ya pili tunaandaa semina ya kuwahimiza wasanii wajiamini! Msanii si mjinga. Thamani yake aliisoma jana katika ile chupa.

Niseme pia neno juu ya muziki wa vijana, ingawa najua baadhi yenu mtakunja uso. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazazi wengi waliuita uhuni mtupu. Wakati huo Joseph Haule, ambaye jina lake la kisanii ni Professor Jay, alitoa wimbo wa Ndiyo Mzee uliowacheka wanasiasa wenye ahadi nyingi, na watu wazima wakaanza kuusikiliza. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walimchagua kuwa mbunge, akawa bungeni hadi mwaka 2020. Hakuwa wa Chama chetu, na ningefurahi zaidi kama angalikuwa wetu. Lakini ukweli husemwa: kijana aliyeambiwa kwamba maneno yake ya vina hayamfikishi popote yalimfikisha Dodoma.

Sasa nirudi kwa walimu, maana kazi kubwa iko kwao. Kuna walimu wanaodhani kwamba kumjenga mtoto ni kumsifu. Akiandika chochote, ni vizuri sana. Huo nao ni udanganyifu, tena ni dharau iliyovaa nguo nzuri, kwani unayemheshimu humwambia kweli. Mtoto huyu siku atakapokutana na msomaji asiyemjua ataanguka vibaya kuliko yule aliyekosolewa mapema. Lakini yuko pia mwalimu wa upande wa pili, anayeipaka insha nzima wino mwekundu kwa makosa ya tahajia, asiseme neno hata moja juu ya lile jambo ambalo mtoto alijaribu kulieleza. Mtoto hujifunza kwamba kalamu ni mtego. Njia iliyopo katikati si ngumu: muulize kwanza alitaka kusema nini, mwonyeshe mahali alipofaulu kulisema, halafu mwonyeshe alipolikosa, na umpe nafasi ya kuliandika tena. Nafasi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa sana katika shule zetu. Insha husahihishwa, hupewa maksi, hufungwa, basi.

Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa darasani, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, ukatolewa mwaka 1963. Yeye wakati huo ni Rais wa nchi. Nani angethubutu kumwambia kwamba tafsiri ya Rais ina upungufu? Akairudia mwenyewe, akaisahihisha, na Juliasi Kaizari ikatoka upya mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Kazi ile ilikuwa na ujasiri wa kuamini kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote, na unyenyekevu wa kurudi mezani. Wanafunzi waonyeshwe matoleo yote mawili, ikiwa maktaba zinayo. Somo moja la namna hiyo litafanya kazi kuliko mawaidha yangu.

Nafasi zipo sasa kuliko zilivyokuwa. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa Aprili 2023, na mwenyekiti wa kamati yake alikuwa huyo huyo binti wa Berega. Nawaomba waalimu wakuu na maafisa elimu: tangazo la tuzo hiyo likifika ofisini lisibandikwe nyuma ya mlango. Lisomwe mbele ya wanafunzi na mbele ya walimu, kwa sababu wapo walimu wenye miswada mizima majumbani, na wengine wamo katika chumba hiki.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba kikundi cha ngoma kinatusubiri hapo nje tangu saa nane. Naomba niishie hapa ili wacheze kabla jua halijazama, wacheze mpaka wamalize wenyewe. Na yule ndugu mwenye kasha la fedha za mkutano huu, naomba aanze nao kabla ya kuja kwangu na nauli yangu.